Protini Iliyotoka Kiinini

Zarghun alianza kuvunja dirisha, akaja kwenye mlango, akamalizia kwa Ami Wadud, fundi wa maabara, ambaye kosa lake lilikuwa kumwambia, "Mwanangu, hapa hapaingiwi hivyo." Fimbo ya chuma ilimpata mzee mdomoni, meno yakamwagika sakafuni. Daktari Shandana, aliyekuwa ameinamia darubini, akainua kichwa.

Alimjua. Kijana huyu wa Charsadda alikuwa akilala kwenye korido ya hospitali, hapa Peshawar, akimlisha dada yake Palwasha mchuzi wa kuku kwa kijiko. Palwasha alikuwa na saratani ya damu. Kijijini walisema ni homa ya matumbo, maana msichana aliyechumbiwa hapewi ugonjwa wenye jina baya.

"Kile kioo kiko wapi?"

"Kipi, kaka?"

"Usiniite kaka. Kile chenye uchafu wa ukoo wetu."

Akazungusha fimbo. Chupa za rangi zikapasuka, meza ikageuka zambarau. Shandana akakinyakua chini ya darubini kile kipande cha kioo chenye tone la uboho wa Palwasha na kukifumbata. Pigo lililofuata likamvunja kidole, akasikia mfupa ukialika, lakini hakuachia. Ubishi alikuwa nao tangu utotoni, na mama yake aliuchukia sana.

"Daktari wenu mdogo katuambia jeni imeharibika," Zarghun alisema, akihema. "Kasema mbele ya mjomba wa mchumba wa Palwasha. Jeni si damu ya ukoo? Jana wamevunja uchumba wa Palwasha, leo wa mdogo wake. Na wengine bado wako nyumbani. Nani atawaoa?"

Ulimi hauna mfupa, na wa daktari mchanga hauna hata breki. Shandana alitamani amchape yule mwenzake kwa fimbo hiyohiyo.

"Sikiliza, mjinga wewe," alisema kwa sauti ya dada mkubwa. "Jeni hii haikutoka kwa baba yako wala kwa babu yako. Imeharibikia humohumo kwenye uboho wa Palwasha, akiwa mtu mzima. Dada zako hawana, na yeye hatawarithisha watoto. Kuna protini ambayo kwao ni ndani ya kiini cha seli. Jeni yake ikiharibika, inatupwa nje, inazagaa kama mke aliyefukuzwa na mavyaa. Nimeiona sasa hivi, seli kwa seli, iko nje. Na hiyo ndiyo habari njema, kwa sababu saratani yenye alama hii mara nyingi dawa huiweza. Nilikuwa nakuja kuwaambia."

Fimbo ikashuka.

"Atapona?"

"Ana nafasi nzuri. Dawa ianze leo."

Zarghun alitazama viganja vyake. Vilikuwa na damu, na si yote ilikuwa ya Ami Wadud.

"Nimeshamtoa wodini," alisema. "Yuko garini na baba. Nimechomoa mipira yote ya dawa mwenyewe, nesi alikataa nikamsukuma."

"Hata ule wa shingoni?"

"Yote. Nimemfunga na shela yake."

Damu ya Palwasha haikuwa na cha kuigandisha. Mswaki tu ulimtoa damu nusu siku. Shandana alimsukuma kijana mlangoni, wakashuka ngazi mbio, kila mmoja akiacha matone yake.

Gari lilikuwa kwenye kivuli cha ukuta, milango wazi. Baba mtu alikuwa amekipakata kichwa cha binti yake, akimpepea kwa kofia. Shela ilikuwa imelowa hadi kwenye pindo, na damu ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye kiti.

"Polepole," mzee alinong'ona. "Alikuwa akilalamika baridi. Ndiyo kwanza kalala."

Shandana alipeleka vidole vyake vizima shingoni mwa msichana. Akatafuta mapigo upande huu, akahamia upande wa pili, akarudi tena. Alimchukia Zarghun, na alimwonea huruma.

Nyuma yake Zarghun alikuwa akiuliza dawa itaanza saa ngapi.