Mafuta ya Zamani Iko Wapi

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya ukuta wa lupango, yaani kiwanja cha nyumba yake, Mama Blandine Mbayo alikuwa amelala chali juu ya katoni chini ya Toyota yake, akiangalia mafuta meusi yanavyoshuka ndani ya beseni la zamani la kuogeshea mtoto. Alikuwa ameacha injini iwake dakika tano kwanza, maana mafuta ya baridi hayatoki vizuri. Upande mmoja wa gari ulikuwa umeinuliwa kwa jeki, na kando ya jeki aliweka vipande viwili vya taruma la reli, kwa sababu jeki nayo si ya kuamini.

Kazi hiyo, ambayo watu wa Kolwezi wanaiita vidange, alikuwa anaifanya mwenyewe tangu mwaka uliopita. Wakati ule fundi mmoja aitwaye Josias alimrudishia gari huku taa ya kukumbusha vidange imezimika vizuri, ile taa ndogo ya manjano yenye sura ya klé, spana ya kufungulia boulons, yaani bolti. Mama Blandine alimshukuru, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikawa cheusi kama tako la sufuria. Akamwuliza Josias mafuta ya zamani iko wapi. Josias akaangalia huku, akaangalia kule, akasema kuku waliyamwaga. Kumbe alikuwa amebonyeza kitufe tu. Tangu siku ile Mama Blandine haamini taa iliyozimika mpaka aone beseni.

Sasa alifunga boulon, kwanza kwa vidole, halafu kwa klé ya kumi na nne. Akaweka filta mpya, ambayo mpira wake alikuwa ameupaka mafuta kidogo, akamimina lita tatu na zaidi, akapima, akafuta, akapima tena. Ndipo alipoingia kwenye kiti. Gari haijui nani ameifanyia kazi wala kama imefanyiwa. Yenyewe inahesabu kilomita tu, na mtu akimaliza ni lazima aiambie. Akabonyeza kitufe cha kilomita, akageuza ufunguo bila kuachilia kidole. Vistari vikaonekana mbele yake, vikapotea kimoja kimoja, zikabaki sufuri tupu. Taa ya manjano ikazimika.

Lakini kwenye kioo cha mbele bado kulikuwa na umanjano. Mama Blandine akaangalia dashibodi mara mbili, kisha akageuza shingo. Mume wake, Kalumba, alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari na kikombe cha chai, koti la kazi amelifunga mpaka shingoni siku ya mapumziko, na mwanga ulikuwa unatoka kwake, kifuani upande wa kushoto, pale wanaume wanapoweka telefone.

Anayeuliza upesi anadanganywa upesi.

Siku nne alichunguza. Kalumba alikuwa na telefone moja tu, nayo ilikaa kila jioni juu ya kabati, kila mtu aione. Basi ile ya kifuani ni ya nini? Alipofua koti alikuta mifukoni vumbi la kijivu na karanga mbili. Aliona pia kwamba siku hizi Kalumba anapooga anafunga mlango wa bafu kwa kamba, yeye ambaye miaka yote alikuwa anaita aletewe sabuni. Jirani yake Fifi, anayeuza makala, yaani mkaa, mbele ya lupango, alimwambia asihangaike na mifuko.

"Telefone ya pili haikalake mu mufuko, mama," alisema. "Wa kwangu alishonea yake mu mukaba ya suruali. Ikalia mu kanisa, pasta akasema ni malaika."

Jumatano jioni umeme ulikatika katikati ya kula. Mama Blandine alinyoosha mkono kutafuta mshumaa, kisha akaona kwamba hauhitajiki. Aliona bukari, yaani ugali, aliona mboga za lenga-lenga, aliona hata miiba ya samaki. Mwanga ulikuwa unapita kwenye kitambaa cha shati.

"Tata Shekina," alisema, kwa jina la binti yao aliyeolewa kule Lubudi, "tosha ile shimizi."

Kalumba aliweka tonge chini, akanawa, akavua shati. Chini kidogo ya mfupa wa shingo, ndani ya ngozi, kulikuwa na taa ya manjano, ukubwa wa kizibo cha chupa ya bia, yenye sura ya klé. Mama Blandine aliigusa. Haikuwa na moto.

"Ilianza kuwaka siku gani?"

"Mbele ya Pasaka."

"Na ulikuwa unanifichia juu ya nini?"

"Juu nilijua utaanza kuuliza."

Akavaa tena, akamweleza. Kule kazini kwake mgodini, kwenye mashine ya kusaga mawe, karibu kila mtu anayo. Kazadi, ambaye wanasimama pamoja kwenye mashine, ya kwake inaonekana hata juani. Wale wanaotumika kwenye asidi wana nyekundu. Mara moja kwa mwaka kampuni inawaita kwenye dispensaire yake, muuguzi anaizima, na mtu anapewa karatasi yenye mhuri unaosema Apte, yaani anafaa kazi. Bila karatasi, na taa ikiwa inawaka, mlinzi hafungui mlango. Siku ya kuitwa ilikuwa kesho yake.

Mama Blandine alikula polepole. Alikumbuka kwamba kila mwaka, siku ile ya dispensaire, Kalumba anarudi mchangamfu na kuanza kumweleza kuna mashine kubwa ameiona leo, inatafuna jiwe kama mtu anavyotafuna mahindi. Kila mwaka maneno yale yale. Yeye siku zote alidhani ni bia.

Alimpeleka mwenyewe na gari. Akaegesha mbele ya dispensaire, lori za asidi zikipita nyuma yake moja baada ya nyingine, akahesabu. Mtu aliingia na taa, akatoka bila taa. Kati ya kuingia na kutoka aliweza kusali Baba Yetu mpaka kwenye mkate wetu. Akahesabu wa pili: mkate. Wa tatu: mkate. Vidange gani inakwisha kabla ya mtu kufika kwenye makosa yetu? Jina la Kalumba lilipoitwa, alishuka akaingia naye.

Muuguzi aliitwa Séraphin. Alikuwa mtu mpole, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa laini, kimesuguliwa mpaka hakina mistari. Kalumba alikaa kwenye kiti, shati mkononi.

"Tata munganga, samahani," Mama Blandine alisema. "Mafuta ya zamani iko wapi?"

Séraphin aliangalia chini ya meza, akaangalia nyuma ya mlango, kama mtu ambaye kweli anaweza kuwa ameyaweka mahali. Kulikuwa na mizani, kalenda na ndoo tupu.

"Hapa hatutoshake kitu, mama. Tunarudishaka tu ku zéro."

"Bila kufungua?"

"Kufungua haiko mu mukataba."

Akamwambia Kalumba azuie pumzi, akabonyeza taa kwa kile kidole, akamwambia avute. Kwenye macho ya Kalumba vikapita vistari, vikapotea kimoja kimoja, zikabaki sufuri mbili, moja kwa kila jicho, kisha macho yakarudi kuwa macho. Taa ilikuwa imezimika. Séraphin akapiga mhuri. Mahali pa miaka ya kazi aliandika 0, mahali pa magonjwa akapiga mstari. Mama Blandine akamwambia Séraphin kwamba mume wake ana miaka kumi na moja kwenye ile mashine. Séraphin akamwonyesha karatasi kwa heshima, akaweka kidole kwenye sufuri, na kumweleza kwamba mtu hawezi kuugua kwa sababu ya kazi ambayo bado hajaianza.

Njiani Kalumba alimjua mke wake, alijua nyumba, alijua hata bei ya saruji. Ila walipopita mahali ambapo vumbi la mashine linaonekana juu ya miti, alishusha kioo akauliza pale wanafanya nini.

Lakini kikohozi chake cha siku nyingi hakikurudi sufuri. Kiangazi chote kilikuwa naye, na pumzi yake ilipiga filimbi akipanda hata ngazi tatu za kanisa. Mvua za kwanza ziliponyesha taa ikawaka tena, haikungoja mwaka uishe. Kalumba alikuwa na juma moja la mapumziko. Alitaka aende akabonyezwe kabla ya kurudi kazini. Mama Blandine akasema hata Toyota haifanyiwi hivyo mara mbili.

Alimlaza kwenye mkeka juani mpaka ngozi ikapata moto. Akamfunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mikaratusi yanayochemka, akampindua, akamlaza kwenye benchi, miguu juu ya yale mataruma. Kisha akapapasa mbavu, akihesabu kutoka juu kushuka, na chini ya ubavu wa mwisho akakuta kifundo cha pembe sita, pale alipodhani kitakuwa. Klé ya kumi na nne ilikaa sawa.

"Polepole, mama," Kalumba alisema.

"Usijikaze. Boulon ya kujikaza njo inavunjika."

Mafuta yakashuka ndani ya beseni: kwanza meusi, halafu ya kijivu, halafu ya kijani kama jiwe la shaba lililolowa. Yalikuwa mazito, hayakuruka. Alingoja mpaka tone la mwisho, karibu saa nzima, akitafuna karanga na kumfukuzia nzi. Akafunga kwa vidole, kisha kwa klé, robo ya mzunguko tu. Akampa maziwa ya moto, lita mbili, kikombe kwa kikombe. Beseni akalimimina ndani ya bidon, dumu la plastiki, akapima: lita moja na robo tatu. Jioni ile Kalumba alivuta pumzi mpaka mwisho, na haikupiga filimbi.

Taa ilibaki inawaka. Taa haina macho, inangoja kuambiwa.

Jumatatu Mama Blandine alimpeleka kwa Séraphin, akaweka bidon juu ya meza.

"Njo hii mafuta ya zamani," alisema.

Séraphin aliinusa, akaiweka kwenye mizani, akapiga simu. Wakaja watu wawili wa usalama wa kampuni, wenye adabu, na kile chombo kama bastola ambacho wanunuzi wanapimia mawe. Wakakielekeza kwenye bidon, wakasoma: shaba nyingi, kobalti ya kutosha. Wakamweleza kwamba madini yakitoka machimboni bila karatasi yanabaki mali ya kampuni, hata kama yametoka yakiwa ndani ya mtu. Hawakumlaumu. Walimpa kalamu atie sahihi kwamba ameyarudisha kwa hiari. Bidon walisema wataileta wakishaimwaga, na hawakuileta.

"Basi zimisha taa," Mama Blandine alimwambia Séraphin. "Kazi imefanyika."

Séraphin alisikitika kweli. Alisema mtu aliyefunguliwa nje ya mkataba hawezi kumwekea kidole, angeandika nini? Kazi iliyofanywa nyumbani, taa yake inazimwa nyumbani. Mlinzi hataki kujua nani alibonyeza, anaangalia kifua tu.

Wakarudi kwenye gari. Mbele yao lori la wafanyakazi lilikuwa linajaza watu, dereva ameshapiga honi mara moja. Kalumba alifungua vifungo vya shati.

"Bonyeza, Mama Shekina. Unajua kupita ule munganga wa mule."

Mama Blandine alijua anachoombwa. Beseni aliliona kwa macho yake, kwa hiyo kuzima hakukuwa uongo. Lakini bidon ilikwenda, karatasi inasema sufuri, na hakuna kitu kingine duniani kilichokuwa bado kinasema kwamba ile kazi inamla huyu mtu, isipokuwa hiki kitaa cha manjano. Aliangalia kidole gumba chake, mbele na nyuma, jinsi anavyoangalia kitu alichouziwa na mtu asiyemjua.

"Utasahau tena," alisema.

"Nisahau nini?"

"Umetumika pale myaka kumi na moja."

Kalumba alicheka kwa upole, jinsi mtu anavyomcheka anayemheshimu. "Hapana, mama. Mi nilianza ku mwezi wa tano."

Honi ikapigwa mara ya pili. Aliyekosa lori alikosa siku, na aliyekosa siku mbili alikuta mwingine amesimama mahali pake. Mama Blandine akamwambia azuie pumzi. Akabonyeza, akamwambia avute, akahesabu bila kuharakisha. Vistari vikapita kwenye macho ya mume wake, vikapotea kimoja kimoja. Aliziangalia zile sufuri mbili mpaka zilipotoka.

Kalumba alifunga shati, akamshukuru kwa kumsindikiza, akamwuliza kama ana harufu ya jasho, maana hataki wamdhanie vibaya. Akaenda kwa hatua za haraka. Kazadi alikuwa ametoka kwa Séraphin dakika chache kabla, amekaa kwenye ubao wa nyuma wa lori, kifua chake hakina mwanga. Kalumba akapanda, akampa mkono.

"Mi Kalumba. Naanza leo."

"Kazadi," mwenzake alisema, akisogea kando apate nafasi. "Na miye njo siku ya kwanza."

Wakaulizana kwao ni wapi, wakakuta wote wana ndugu kule Sandoa, wakafurahi sana kujuana. Mama Blandine akarudisha gari nyuma kidogo, lori lipate njia.