Jina la Mjukuu wa Stamatis

Mwanangu Miltos ana digrii mbili na akili ya kuazima. Aliposema mtoto wake atabatizwa Apolo, mume wangu Stamatis aliweka uma chini, akaiacha nyama ya kondoo ipoe. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu yake. Mzee ana maradhi ya moyo, na alichokuwa akikingojea duniani ni hicho tu.

"Apolo ndiyo nini?" nikauliza.

Bora ningenyamaza. Miltos alisimama kabisa, kama yuko darasani. Ni mungu wa kale wa Wagiriki, akasema. Wapo wasomi wanaosema maana ya jina ni Mwangamizi. Wapo wanaosema ni Msafishaji, aoshaye maovu. Wengine wanalitoa kwenye neno la kale la mkutano wa raia, wengine kwenye neno la zizi la kondoo. Hapa kwetu Thesalia watu wa kale walimwita Aplun, yaani mnyofu. Na huenda jina lenyewe si la Kigiriki, limetoka Asia.

"Kumbe hamjui!" nikamwambia. "Wasomi wote hao, na hamjui! Sasa mtoto atembee na mwangamizi mgongoni mpaka mpatane?"

"Mama, haya mambo huyawezi."

"Na Stamatis?" baba yake akauliza polepole. "Lina maana gani?"

Msomi wetu akababaika. "Aa, baba, hilo ni jina tu la kijijini."

"Mama yangu alizika watoto wanne kabla yangu. Mimi akaniita Stamatis, yaani komesha, ili kifo kikome. Kikakoma."

Mkwe wangu Fani, aliyepoteza mimba mbili kabla ya mtoto huyu, aliinuka akaenda jikoni. Miltos akajiongezea viazi. Nilimwonea aibu.

Jumapili, kanisani, padri alimuuliza Zisis, baba wa ubatizo, rafiki wa Miltos tangu utotoni, jina la mtoto. Kwetu yeye ndiye hulitamka, na akishalitamka halirudi.

"Stamatis," Zisis akasema.

Miltos aligeuka, uso umemwiva, akitafuta aliyemzunguka. Akanitazama mimi kwanza, kama kawaida yake. Nikamkazia macho, maana safari hii sikuwa na hatia. Akamtazama baba yake, na mzee alikuwa analia mbele za watu. Mkewe hakumfikiria hata kidogo.

"Ni mimi niliyemwambia," Fani akasema, na kanisa zima likasikia. "Nimepoteza wawili, Miltos. Imetosha."