Mkono wa Dada

Bi Kibodi hakuomba kuitwa hivyo. Ni wenzake wa kampuni ya bima waliombandika jina hilo, maana vidole vyake vikishika kibodi ni kama mvua ya ghafla juu ya bati, na wala hatazami. Kalamu alikuwa nayo moja, ya kukorogea chai. Kazini anaingia kwa kidole gumba, benki anabonyeza namba ya siri, hata rambirambi anatuma kwa simu. Miaka ikapita mkono haujaandika hata jina lake, naye hakuona amepungukiwa na chochote.

Basi asubuhi moja anafungua mlango, anakuta mwanamume asiyemjua anapima ukuta wake. Mtu mwenyewe ana adabu zake. Akaamkia vizuri, akasema nyumba ameshainunua, ila hana haraka, mama ahame taratibu mwezi ukiisha.

"Nani kakuuzia?"

"Si wewe, mama? Saini yako hii hapa."

Jamani! Nyumba ile aliachiwa na marehemu mama yake, iko kwa jina lake peke yake, na hana pengine pa kulaza ubavu. Akampigia simu mdogo wake analia. Huyo mdogo wake wa pekee, mchora mabango aliyeitwa Brashi mtaa mzima, alifika mbio. Akambebea mkoba, akamshika kiwiko, wakaenda ofisi ya ardhi pamoja.

Karani wa ardhi, mwanamke mpole mwenye miwani ya kufungwa na uzi, akatandaza karatasi mbili mezani. Moja Bi Kibodi aliisaini alipokabidhiwa nyumba baada ya msiba. Nyingine ni ya mauzo.

"Hii ya mauzo ni ya kughushi!" Bi Kibodi akasema. "Mimi sijauza kitu!"

"Huenda, mama. Anayekana saini tunampa njia mbili. Atafute wakili twende mahakamani, nyumba isiguswe mpaka kesi iishe. Au aandike yake mara tano hapa hapa mbele yangu. Ikilingana na hii ya zamani kuliko ile ya mauzo inavyolingana nayo, nafuta mauzo leo. Isipolingana, pingamizi limekufa na halifufuki. Mimi ningekushauri wakili."

Bi Kibodi akamgeukia mdogo wake.

"Wakili wa nini, dada?" Brashi akasema taratibu. "Jina lako mwenyewe likushinde?"

"Hata mimi nashangaa," Bi Kibodi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka. "Lete karatasi, mwanangu. Tumalize mchezo."

Akatia alama ya kidole kwenye fomu ya kukubali sharti hilo, akashika kalamu. Herufi ya kwanza ilitoka, ya pili ikayumba, kisha mkono ukasimama kabisa. Hakujua unakwenda wapi baada ya pale. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinagonga meza, tap tap tap, vinalitafuta jina kwenye kibodi isiyokuwepo. Akajilazimisha. Saini ikatoka imejikunyata. Ya pili ikawa ndefu, ya tatu haikufanana na hizo mbili, na kufika ya tano jasho lilikuwa linadondokea karatasi.

"Nirudie," akasema. "Mkono umekufa ganzi tu."

"Ni tano, mama. Samahani."

Karani akazipanga pamoja. Ya zamani na ya mauzo zilikuwa kama mapacha: mzunguko ule ule, mkia ule ule uliopanda juu kwa madaha. Za Bi Kibodi zilikaa kando kama wageni wasioalikwa. Akaitazama ile ya mauzo mpaka macho yakamuuma. Ulikuwa mkono wake, hakuna ubishi, ule mzuri wa zamani uliokuwa ukisifiwa na walimu. Nani mwingine anao?

Ndipo akili ilipomfunguka. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuandika, jioni baada ya jioni, kiganja chake juu ya kiganja cha mtoto, mpaka herufi za mtoto zikawa zake. Kwa herufi hizo Brashi aliandika mabango ya maduka yote ya mtaa, hadi zilipokuja mashine za kuchapa wateja wakamkimbia. Kazi ilikufa, mkono ukabaki. Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wapi! Hili lilikula mpaka mifupa.

"Ni huyu!" akapiga kelele. "Ni huyu hapa aliyeghushi! Mimi ndiye niliyemfundisha!"

Karani akamtazama Brashi. "Wewe ndugu yake, unaijua saini ya dada yako?"

Brashi hakusita hata kidogo. Akaweka kidole kwenye ile ya mauzo.

"Hii ndiyo yake. Naijua tangu utotoni." Kisha akashusha sauti, ile ya mtu mwenye mgonjwa nyumbani. "Tumvumilie. Siku hizi anasahau. Anauza kitu, kesho hakumbuki."

"Mwongo! Muulizeni ofisini kwangu! Mimi sisahau!"

Lakini karani alikuwa ameshazitazama tena zile saini tano zilizopishana kila moja na njia yake, na alipoinua uso, macho yake yalijaa huruma. Huruma ile ndiyo iliyomtisha Bi Kibodi kuliko muhuri wa kukataa pingamizi uliofuata.

Nje kwenye korido akakaa kwenye benchi. Brashi akakaa karibu naye, mkoba wa dada yake mapajani.

"Nimekukosea nini?" Bi Kibodi akamuuliza. "Nitalala wapi mimi?"

"Kwangu, dada. Kuna chumba cha uani." Alikuwa ameshafungua zipu ya mkoba, anapekua karatasi za mafao ya dada yake moja baada ya nyingine, bila haraka. "Na mambo ya kusaini usihangaike nayo tena. Karani mwenyewe ameona hali yako. Nitakusainia mimi."