Bawabu wa Jumba Lake

Baba yangu alizaliwa kabaila. Babu alimwachia mashamba, farasi na jumba lenye roshani mbili, naye akavitafuna vyote kwa karamu na marafiki waliomwita "Mtukufu" mpaka chupa ya mwisho. Nilipopata akili, jumba lilikuwa limeshauzwa kwa tajiri mwenye kiwanda cha magodoro. Nilimwangukia tajiri huyo miguuni, nikamwombea baba kazi ya ubawabu, pamoja na chumba cha pembeni mwa geti tupate pa kulala sisi wawili.

"Kazi yako ni kuzuia watu," tajiri alimwambia. "Umenielewa, mzee?"

"Sana," baba akasema. Nami nikamwamini, mjinga mimi.

Mtu aliyekaribisha watu maisha yake yote utamfundishaje kuzuia? Muuza brashi akibisha hodi, baba anamfungulia. Wakija wachangishaji, anawaketisha barazani na kuwaagizia chai jikoni, halafu mpishi anakuja kunifokea mimi. Tajiri akatuonya: kosa moja zaidi, tunahama.

Jumamosi tajiri alirudi kwa miguu, gari limemharibikia njiani. Baba alifungua geti lote, akainama kidogo.

"Karibu, bwana. Jisikie uko kwako."

Nilitoka mbio, povu la sabuni mikononi. Tajiri alikuwa ameduwaa.

"Binti, baba yako anaumwa au ananifanyia mzaha?"

Haki ya Mungu, sikujua. Kuna siku namwona amechanganyikiwa kabisa. Kuna siku nahisi anajifanya tu, ili tusiyaguse aliyoyatenda, na siku hizo namchukia.

"Mzee," tajiri akamgeukia, "nyumba hii ni ya nani?"

Baba aliitazama roshani, akanitazama mimi, akajikuna kichwa.

"Unajua, hata mimi najiuliza. Wageni wote nawakumbuka. Siku ya kuuza ndiyo siikumbuki."

Tajiri akanyoosha mkono, kiganja juu. Alitaka ufunguo wa geti.

Baba akaudaka ule mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa kwa furaha.

"Unaondoka mapema hivi? Basi usitupotee, bwana."

Nikauchomoa ufunguo mfukoni mwa baba, nikamwekea mwenye nyumba kwenye mkono wake wa pili. Ule wa kwanza baba alikuwa bado hajauachia.