Koki ya Wageni

Tangu asubuhi Mama Dobi alikuwa ameinama mbele ya koki mpya, akitabasamu kwa amri. Vidole vilivyochubuliwa na sabuni ya nguo za watu vilishika ndoo alivyoelekezwa.

"Shusha kidogo, shemeji," alisema mwenyekiti wa mradi, mume wa dada yake. "Nembo ya wafadhili ionekane."

Maji yakabubujika. Wageni wa benki ya maendeleo wakapiga makofi.

"Wanauliza, zamani mlikuwa mnateka wapi?" mkalimani alisema.

Mama Dobi aligeukia zege lililofunika kisima cha marehemu mumewe. Kisima hicho ndicho kilichowalea wanawe. Shemeji ndiye aliyemwapia kwamba fedha za nje haziji penye visima. Akifunika chake, atavutiwa bomba hadi mlangoni. Akaamini. Tena akazunguka kwa majirani, na wao wakafunika vyao, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuwapotezea hata kifungo cha nguo. Aliwaambia, "Nikiwadanganya, nitemeeni mate."

"Mbali sana," shemeji akamjibia.

Magari yalipoondoka, wanawake walimiminika na ndoo, vigelegele juu. Mama Dobi akafungua koki. Ikakohoa, ikatoa upepo.

Alizunguka nyuma ya tangi lililolisha koki. Dereva wa boza, lori la maji, alikuwa anakunja mpira aliojazia tangi. Bomba la mradi lilitoka kwenye tangi, likaingia ardhini, na hatua moja mbele likatokeza ncha yake juu ya vumbi. Halikuungwa na kitu. Aliporudi mbele, fundi alikuwa anafungua koki kwa spana.

"Unaipeleka wapi?"

"Mtaa wa pili, mama. Wageni wakishakula wanakwenda huko."

Akamkimbilia shemeji, aliyekuwa na mguu mmoja ndani ya gari. "Kisima changu, shemeji! Nitafulia nini? Watu hawa nitawaambia nini?"

"Usinitie aibu. Awamu ya pili inakuja." Akaitazama fulana yenye nembo aliyovalishwa Mama Dobi. "Hiyo utairudisha kesho. Ifue kwanza."

Gari likaondoka.

Wanawake walikuwa bado wamesimama na ndoo tupu. Jirani wa mbele, aliyekuwa wa kwanza kumwaga zege kwa ajili yake, aliweka ndoo chini, akamsogelea, akakusanya mate mdomoni.

Mama Dobi hakufunika uso.