Siku Waliyokula Akara Zangu za Msiba

Mimi ni mtu wa kisirani, na sioni haya kusema. Nimekaanga akara hapa Oke-Ado, Ibadan, miaka arobaini na moja. Ungekaa wewe mbele ya karai la mafuta ya moto miaka yote hiyo tuone kama ungechekacheka ovyo. Kila Jumamosi watu walisimama tangu jua halijatoka, kila mmoja na bakuli lake la uji, na mimi nawafokea wapange foleni. Wakipanga, wanakula. Wasipopanga, shauri yao.

Akara ni bagia za kunde, sawa, lakini usinilinganishie na bagia za kila mtu. Kunde unaziloweka, unazisugua mpaka maganda yote yatoke, unazisaga, halafu rojo unalitia kwenye kinu na kulipiga kwa mwiko hadi lijae hewa. Mkono utakufa ganzi. Ukifa ganzi unabadilisha mkono, huachi. Hapo ndipo wengi wanapochemsha.

Mwaka jana goti langu la kushoto likagoma. Mwanangu Gbolahan anaendesha lori la saruji, nyumbani kwake mwenyewe ni mgeni, alipoona miezi inapita sijapona akasema mkewe atashika nafasi yangu. Mkewe ni Nkoyo, mtu wa Calabar. Mtoto ana adabu, hilo sitamnyima, kila asubuhi anapiga magoti kunisalimu kama tunavyotaka sisi huku. Lakini alikuja na mambo yake. Aliliondoa benchi langu akaweka viti sita vya plastiki vya kijani. Akaandika kibao: KIFUNGUA KINYWA HAPA, SAA MOJA MPAKA SAA SITA.

"Saa sita?" nikamuuliza. "Nani anakula akara saa sita mchana?"

"Mama, siku hizi Jumamosi watu wanaamka saa nne. Wanataka mlo mmoja uwashikie asubuhi na mchana."

"Hao ni wavivu. Wanywe maji walale tena."

Kibaya zaidi, kunde alizimaliza kwenye mashine ya umeme, kinu hakukigusa. Aliniomba mara mbili nimwonyeshe ninavyofanya. Mara zote mbili nilimjibu kwamba Mungu amempa macho.

Basi watu hawakuja. Wiki ya kwanza wanne, wiki ya pili watatu, na mmoja wao alikuwa anauliza njia. Akiba yote ya Nkoyo, aliyoipata kwa kuuza vitambaa, ilikuwa imeishia kwenye vile viti na karai jipya. Siku moja nikamsikia kwenye simu na mumewe. "Mwisho wa mwezi nikiwa bado nazila mwenyewe, nafunga, narudisha viti," alisema. Nisidanganye, roho yangu ilisuuzika.

Kila Jumamosi nilikaa barazani kwenye kiti changu, kilemba kichwani, nimekunja uso, naangalia barabara. Watu wa mtaa wanapita, wanainama, "Mama Gbolahan, umeamkaje?" Kisha wanaenda zao kona kwa Mallam anayeuza chai na mkate wa mayai. Hata mmoja hakuuliza goti langu linaendeleaje au nitarudi lini. Nilifurahi kwamba hawali kwa Nkoyo, na papo hapo niliumia kwamba wamenisahau upesi hivyo. Miaka arobaini na moja! Kwa mkate wa mayai!

Sasa, kuna jambo moja la kwetu ambalo lazima lijulikane. Mtu aliyevuka miaka sabini akifariki, nyumba yake inakaanga akara alfajiri na kuzigawa mlango kwa mlango, bure. Anayepokea haulizi kitu. Anajua, anavaa, anakwenda kwenye msiba. Mimi nina miaka sabini na sita. Nikamwambia rafiki yangu Mama Risi, tulipokuwa tumekaa barazani, "Siku nikifa, Gbolahan amwite binamu yangu kutoka Iseyin aje akaange. Yule wa Calabar asiguse kunde zangu."

"Mwenzangu, utakuwa umeshakufa. Utajuaje nani amekaanga?" akanicheka.

"Nitanusa."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alfajiri, kitu kikaniamsha. Du, du, du, kutoka uani. Kinu changu! Nikataka kuamka nimfokee, goti likakataa. Nikabaki nasikiliza. Lile rojo lilipigwa, likapigwa, nikajua sasa mkono umechoka, sasa ataacha. Mdundo ukasita kidogo, halafu ukaanza tena upande wa pili, mzito zaidi. Amebadilisha mkono. Nikageukia ukutani nikajifunika shuka hadi kichwani. Harufu ya mafuta ya mawese ilipoanza kuingia dirishani nilijifanya siisikii, na kwa sababu usiku nilikuwa nimemeza dawa ya goti, usingizi ukanipitia.

Kilichofuata nilikuja kusimuliwa baadaye. Mtoto wa watu, katika kukata tamaa, akaona atie akara zote za siku ile kwenye sinia na kuzigawa mtaa mzima, watu waonje waje. Kwao Calabar ukigawa chakula umegawa chakula, basi. Akafunga nne nne kwenye gazeti, akabisha mlango kwa mlango, kungali giza. Macho yamevimba kwa moshi na vitunguu. Mtu akitoa pesa, anakataa kwa mikono miwili. "Za leo hazilipiwi. Karibuni nyumbani kwetu." Anainama, anaenda mlango unaofuata.

Kutoka nyumba ya kikongwe wa miaka sabini na sita. Alfajiri. Bure. Macho mekundu.

Mimi nikaamshwa na kilio cha Mama Risi.

"Mama Gbolahan weee! Hata kuniaga, mwenzangu! Jana tu umenisema kuhusu viatu vyangu!"

Nikaketi kitandani. Dirisha langu linatazama uani, pazia limeshushwa. Nikachungulia pembeni. Lo! Ua ulikuwa umejaa. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanaume wameshika kofia mikononi. Na katikati yao Nkoyo anang'aa uso mzima, anakimbia huku na huku na mabakuli ya uji. "Karibuni! Kaeni, kaeni! Jamani mbona wengi hivi, Mungu mkubwa! Zipo nyingine zinakuja za moto!"

"Msiba umemchanganya," mtu akanong'ona.

"Mwacheni. Kila mtu na anavyolia."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niwapigie kelele. Lakini nikasikia jina langu, na wewe ungekuwa mimi, ungetaka kusikiliza kidogo. Nikasikiliza. Mmoja akasema sijawahi kumnyima mtoto aliyekuja bila hela, kweli. Mwingine akasema nilikuwa bahili wa pilipili, mwongo mkubwa yule, nimemtia akilini. Kisha akasimama Lamidi fundi cherehani, aliyekula kwangu tangu hajaoa, ameshika gazeti lake lenye mafuta.

"Mimi niseme ukweli," akasema. "Miezi minane tangu mama aache, nimeuzunguka mji huu natafuta pa kula asubuhi. Kwa Mallam, mkate unanikaa kifuani. Nimekwenda Mokola. Nimekwenda Dugbe. Mkwe wangu akanipeleka Bodija, wanakuletea yai moja kwenye sahani ya kulia watu watano, na unalila kwa kisu. Nimerudi na njaa yangu. Leo nimeonja hizi nimesimama mlangoni, nikalia kabla hata sijakumbuka kwamba ni za msiba. Huu ni mkono wake. Mkamwana ameuchukua mkono wa mama mzimamzima."

"Sasa, Baba Fundi," sauti ya Nkoyo ikauliza, haijaelewa bado, "mbona siku zote hamji? Viti vipo wazi tangu mwezi uliopita."

Watu wakaangalia chini.

"Tungekujaje, binti yangu?" Lamidi akajibu polepole. "Mama alikuwa amekaa pale barazani. Na ule uso. Kila nikipita nasema, leo naingia, kisha namwangalia naona haya. Nikila kwako mbele yake, ni kama namwambia, wewe kwisha kazi. Mtu aliyenilisha miaka thelathini? Nisingeweza. Kwa hiyo naenda kwa Mallam nateseka."

"Na mimi hivyohivyo," akasema mwingine.

"Sote," akasema Mama Risi, akafuta kamasi. "Lakini sasa ametangulia, maskini, tutakuja. Kila Jumamosi. Hatakuwa na kinyongo tena huko aliko. Hebu nipe mbili nyingine."

Nikakaa kitandani na pazia mkononi. Jamani. Hawakuwa wamenisahau. Walikuwa wananistahi, na kwa kunistahi wakashinda na njaa, na mtoto wa watu akaumia, na aliyekaa katikati ya njia amekunja uso ni mimi. Nilimuonea huruma Nkoyo, na aibu ilinishika mpaka masikio yakapata moto. Nimewahi kuwa na makosa mengi lakini mengi yalikuwa madogo.

Nikavaa. Nikafunga kilemba, kile cha buluu cha sikukuu. Nikachukua fimbo nikatoka.

Wa kwanza kuniona alikuwa Mama Risi. Alipiga yowe moja, akakaa chini na bakuli lake la uji mapajani. Wengine wakarudi nyuma hadi ukutani, mmoja akaacha kiatu. Lamidi akaita jina la Mungu, kisha, sijui kwa nini, akaificha akara nyuma ya mgongo.

"Nani kafa?" nikauliza.

"Wewe!" wakajibu kwa pamoja.

"Nyoo! Nani kawaambia?"

Vidole vyote vikaenda kwenye sinia. Nkoyo alikuwa amesimama na mwiko wa kugeuzia akara, anatutazama mmoja mmoja, na Mama Risi akiwa bado chini akamweleza, kwa maneno machache, akara za alfajiri maana yake ni nini kwetu. Niliuona uso wa yule mtoto unavyoanguka. Akapiga magoti palepale kwenye majivu.

"Mama, nisamehe. Mungu wangu, nimekuua! Mama, sikujua, naapa sikujua. Nilitaka tu waonje. Nitafunga leo hii hii, nitarudisha viti..."

Na nikaona jambo nililolihofia. Watu walikuwa wanaweka mabakuli chini. Taratibu, bila kusema, mmoja mmoja. Marehemu amerudi, na haya zimerudi naye. Lamidi alikuwa ameshaanza kukunja gazeti lake.

Nikavuta kiti kimoja cha kijani, cha kwanza kabisa, kilicho karibu na karai. Nikakaa. Havina mgongo mbaya vile viti, nikiri.

"Nyanyuka hapo," nikamwambia Nkoyo. "Nipe nne na uji. Nimekufa tangu alfajiri, nina njaa."

Akaniletea. Mtaa mzima ukawa unaangalia mdomo wangu. Nikauma. Ganda likavunjika kidogo tu, ndani laini, moto, kitunguu kipo, pilipili ipo ya kutosha, asikie yule aliyeniita bahili. Nilikuwa sijala akara tangu goti lilipogoma. Nikatafuna taratibu, na machozi yakanitoka mbele yao wote, mimi Mama Gbolahan, na sikuyafuta.

"Ulibadilisha mkono," nikamwambia.

"Mara tatu, Mama."

"Nilisikia mara moja. Nikalala." Nikala ya pili. Kisha nikawageukia wale waliosimama ukutani. "Nyinyi mnaangalia nini? Zinapoa. Lamidi, toa hiyo nyuma ya mgongo, utachafua kanzu. Za alfajiri zilikuwa za marehemu, zimeliwa bure, zimekwisha. Kuanzia sasa anayekula analipa. Na pangeni foleni!"

Wakapanga. Wallahi walipanga, wanacheka na kulia, na wale wavivu wa saa nne nao wakatokea saa nne wakakuta foleni imefika kwa Mallam. Mallam mwenyewe alikuja na kikombe chake. Viti sita havikutosha. Likarudi benchi langu.

Gbolahan alipiga simu mchana kutoka Lokoja anabubujikwa machozi, amepewa pole na watu kumi na wawili. Nilimwambia atulie, aendeshe lori.

Jua lilipoanza kushuka, Mama Risi akanisogelea, uji umemkaukia kwenye kanga. "Enhe," akasema kwa sauti ya kunichokoza, "na yule binamu wa Iseyin? Tumpelekee habari ajiandae?"

Nkoyo alikuwa anaosha kinu, amenipa mgongo. Nilijua anasikiliza.

"Mwache Iseyin kwake," nikasema. "Siku yangu ikifika, atakaanga huyu."

Kinu kikaacha kusuguliwa. Hakugeuka, akabaki ameinama vilevile na maji yanamtiririka mikononi.

"Na usipunguze vitunguu," nikamwambia.