Mguu wa Musimbi

Binti yangu Musimbi alikuwa amelala wodi ya akina mama huko Kawangware, ameangalia ukuta. Mtoto wake alikuja kabla ya wakati, mdogo hivi, hata mkate ni mkubwa kwake. Nesi alitaka awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, apate joto. Musimbi hakutaka hata kumshika.

"Mama, nikimzoea halafu aende?"

Nilikuwa nimetoka kwangu Mashimoni, kule Kibera, asubuhi kwa miguu, na chupa ya uji mkononi. Nikakaa mwisho wa kitanda, pale miguu yake ilipotokeza, maana blanketi haikumtosha. Huyu msichana huvaa kiatu namba arobaini na mbili. Ndugu zake humwita Lori.

Nikaushika mguu mmoja.

"Huu ulikuwa kama ncha ya kidole changu hiki."

"Hiyo stori naijua, Mama."

"Unaijua, lakini haijawahi kukutetemesha. Sikiza tena."

Nikamwambia vile yeye pia alizaliwa kabla ya wakati, nyumbani Kibera, mvua imefunga njia zote. Jirani yetu Fatna, mama Mnubi, akaleta katoni ya sabuni, akatandika pamba, akatia maji moto kwa chupa za soda, akazifunga matambara na kuzipanga kando ya mtoto. Zikipoa, ploti nzima, wapangaji wote, inachemsha mengine, huyu na jiko lake, yule na stovu. Mimi nalia tu, nasema hatafika jioni. Fatna akanitazama. "We mama, sisi tunapasha maji. Pumzi si yetu, ni ya Mungu."

"Na ukapumua," nikasema. Niliuona mguu wote, kisigino kilichopasuka kwa kutembea, rangi ya kucha iliyobambuka, nikaona niko mahali pa kuvua viatu.

"Huyo alikuwa Mungu wenu, wewe na Fatna," Musimbi akasema polepole. "Na mimi je?"

"Ni yule yule. Hajahama ploti."

Akacheka, akalia, akafungua vifungo. Nesi akamlaza mtoto kifuani. Kwa muda mtoto hakutikisika, nami nikasahau kupumua. Kisha Musimbi akatoa macho.

"Mama! Amenipiga teke!"

Mguu wake mkubwa ulikuwa bado mikononi mwangu. Sikuuachilia.